Baler: penzi lililokatazwa na mwenye haki

Watu wa Afrika Mashariki wanamjua mwigizaji wa Kifilipino Jericho Rosales kwa jina la Angelo. Angelo wa Yna, wa tamthilia ya The Promise, ile iliyokuwa ikitufanya tuoshe vyombo vya jioni mapema na kupanga viti sebuleni kabla majirani hawajaingia. Ukitaja jina hilo mbele ya mtu aliyekuwa kijana zama zile, awe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, atakusimulia mpaka ukatili wa Claudia Buenavista kana kwamba alikuwa mama mkwe wake mwenyewe. Kila nikiingia katika mazungumzo ya namna hiyo huuliza swali moja: je, umeiona Baler? Mpaka leo sijakutana na aliyeitikia.

Jambo hili linaniuma. Baler ni filamu ya mapenzi ya kihistoria aliyoicheza Rosales huyohuyo, safari hii akiwa na Anne Curtis, chini ya mwongozaji Mark Meily. Iliingia kwenye majumba ya sinema Desemba 2008, na katika Tamasha la Filamu la Metro Manila la mwaka huo ikatwaa tuzo ya filamu bora. Meily akawa mwongozaji bora, Curtis mwigizaji bora wa kike. Kisha ikasahaulika. Hata huko Ufilipino, mtu akitaka kutaja filamu ya historia ataanza na Heneral Luna ya 2015, filamu ya vita na usaliti iliyovuta umati mkubwa, na Baler ataikumbuka, kama ataikumbuka, kuwa hadithi tamu ya wapendanao wawili waliovalishwa nguo za zamani.

Sehemu ya lawama ni ya msimu wenyewe. Tamasha lile huanza siku ya Krismasi, na kwa muda wake wote majumba ya sinema huonyesha filamu za Kifilipino tu. Familia nzima hutoka, bibi na wajukuu, na wengi wao wanataka kucheka. Mwaka ule watu walimiminika kwenye kichekesho cha Ang Tanging Ina N'yong Lahat. Baler ilipata vikombe vya waamuzi. Halafu wapenzi wa historia wakaona ina mabusu mengi, na wapenzi wa mabusu wakaona ina bunduki nyingi, kila upande ukaitupia mwenzake.

Mimi nimeitazama mara tatu, na kila mara narudi kwenye jambo moja. Katika hadithi nyingi za penzi lililokatazwa, anayekataza ndiye mwenye makosa. Ni baba tajiri asiyetaka mkwe maskini, au ukoo unaolea kisasi ambacho hakuna anayekumbuka kilianzaje, au ni huyo Claudia wetu. Mtazamaji hapewi kazi yoyote ngumu. Anachagua upande mapema na kubaki hapohapo hadi machozi ya mwisho. Katika Baler anayekataza ana haki. Baba wa binti hana roho mbaya wala tamaa ya mali. Ni mtu anayepigania nchi yake dhidi ya wakoloni waliokaa juu ya kichwa chake na cha babu zake kwa zaidi ya miaka 300, na binti yake amempenda mtu aliyevaa sare ya wakoloni hao. Nikamlaumu vipi?

Tuanze na mahali. Baler ni mji mdogo wa mashariki ya kisiwa cha Luzon, uso wake umeelekea Bahari ya Pasifiki na mgongo wake umeegemea milima ya Sierra Madre. Wapenda sinema wengi wameuona bila kujua, kwa sababu picha maarufu za askari kuteleza juu ya mawimbi katika Apocalypse Now zilipigwa huko miaka ya 1970. Mji wa kwanza ulifagiliwa na wimbi kubwa la bahari Desemba 1735, na waliosalia ni wale waliowahi kupanda kilimani. Mwishoni mwa karne ya 19 Baler ilikuwa bado mbali na kila kitu. Kutoka Manila ulikwenda kwa chombo cha baharini au kwa miguu ukivuka milima na msitu, na habari nazo zilisafiri kwa njia hizohizo. Weka akilini hilo la habari, nitalirudia.

Februari 1898 kikosi cha askari hamsini na ushei wa Hispania kilifika hapo chini ya Kapteni Enrique de las Morenas. Mapambano ya Wafilipino na Wahispania yalikuwa yametulia kidogo kwa sababu ya mapatano ya Biak-na-Bato ya Desemba iliyotangulia, ila utulivu wenyewe ulikuwa wa juujuu. Askari wengi walikuwa vijana wa kimaskini. Sheria ya Hispania ya wakati ule ilimruhusu kijana kujinunua asipelekwe ng'ambo kwa kulipa peseta 2,000, kwa hiyo waliovuka bahari walikuwa watoto wa wakulima na vibarua ambao baba zao hawakuwahi kuishika pesa kama hiyo. Tarehe 30 Juni 1898 wapiganaji wa Baler, wakiongozwa na Teodorico Luna Novicio, waliwashambulia. Wahispania wakakimbilia ndani ya kanisa la mawe, jengo imara kuliko mengine yote mjini, wakafunga milango. Walitoka humo baada ya siku 337.

Filamu inampandikiza mtu wake katikati ya historia hiyo. Celso Resurreccion, anayechezwa na Rosales, ni chotara: baba Mhispania, mama Mfilipino. Yumo katika jeshi la baba yake. Feliza Reyes, anayechezwa na Curtis, ni binti wa mmoja wa viongozi wa wapiganaji, nafasi aliyopewa Phillip Salvador, mkongwe wa filamu za mwongozaji Lino Brocka. Wawili hawa wamependana kwa siri kabla risasi ya kwanza haijalia. Mzingiro unapoanza, Celso yuko ndani ya kuta na Feliza yuko nje, upande wa wanaozilenga kuta hizo kwa bunduki. Kati yao kuna uwanja mdogo tu wa mji.

Celso ni mtu wa kubuni. Kikosi cha kweli cha Baler karibu wote walikuwa vijana waliotoka Hispania yenyewe. Wapo waliolalamika kwamba mtu wa kubuni ameingizwa mahali palipojaa watu halisi wenye visa vyao. Mimi namtetea Celso, kwa sababu bila yeye filamu isingeweza kuuliza swali lake. Askari aliyetoka Extremadura huko Hispania akampenda msichana wa Baler ni mgeni aliyependa. Angeweza kupanda meli akarudi kwao. Celso hana kwao kwingine. Akivua sare ni msaliti kwa baba yake, akiibakiza ni msaliti kwa mama yake. Jina lake la ukoo maana yake ni ufufuo, na sidhani kama aliyeliandika aliokota jina lolote tu.

Neno chotara nalo tulifikirie. Kwa Kiswahili linaweza kutamkwa kwa upole au kama kofi, inategemea nani analisema na kwa sauti gani. Ufilipino ya wakati wa Wahispania neno mestizo lilikuwa na uzito wa kisheria na wa kodi: watu waliorodheshwa kwa asili zao, na aliyeitwa indio, yaani mwenyeji, alikuwa chini ya ngazi. Wanaume wenyeji walilazimishwa kufanya kazi za serikali bila hiari yao, siku 40 kwa mwaka, mpaka zilipopunguzwa kuwa 15 mwaka 1884. Walikata miti, wakajenga madaraja na makanisa. Kuta zilizowalinda Wahispania wa Baler zilisimamishwa kwa mikono ya wenyeji.

Sasa mtazame baba yake Feliza ukiwa na hayo kichwani. Wakati wote wa utawala ule, mwanaume wa Kihispania kumchukua mwanamke mwenyeji hakukuwa jambo la ajabu. Maofisa walifanya hivyo, na mapadri waliokuwa na watoto walinong'onwa kila mahali. Wakubwa hawakuwa na sababu ya kukataza jambo lililowafaa wao wenyewe. Mwenyeji aliyepaswa kusema "hapana" hakuwa na nguvu ya kuisema. Mwaka 1898, kwa mara ya kwanza, baba wa Kifilipino ana bunduki mkononi na jeshi la wenzake nyuma yake, na anaweza kumwambia mtu mwenye sare ile: huyu hapana. Anapomkataza Feliza, anatumia uhuru ambao baba yake na babu yake hawakuwahi kuuonja. Ni msumari wa moto kwa mtazamaji, kwa sababu uhuru huohuo tuliokuwa tukiushangilia ndio unaozima furaha ya msichana aliye mbele yetu.

Ndiyo maana nasema filamu hii inathaminiwa chini ya kiwango chake. Inaonekana kama mapenzi yaliyobandikwa juu ya historia, kumbe mapenzi ndiyo historia yenyewe ikiulizwa kwa njia nyingine. Taifa linapozaliwa huchora mpaka: huyu wetu, yule wao. Lazima lichore, la sivyo halitakuwepo. Lakini mpaka huo unapita katikati ya mwili wa Celso, na Feliza anatakiwa kuamua kama anaupenda upande mmoja tu wa mtu.

Curtis anaibeba hali hii vizuri kuliko alivyopewa sifa. Alikuwa na miaka 23, anajulikana zaidi kwa tamthilia na matangazo, na wengi walichukulia tuzo ile kama zawadi ya uzuri. Mwangalie anapokuwa na baba yake. Feliza si binti mkaidi anayegombana na mzazi mbaya. Anampenda baba, anaamini anachokipigania, na anajua kwamba kijana wake yuko upande usio wa haki. Anakaa kimya pale ambapo mwigizaji mwingine angelia. Anapolia, tumeshaona ametumia kila kitu kingine.

Kuna desturi moja ya Wafilipino wa zamani ambayo inaifanya hali yao iwe nzito zaidi kwa anayeijua. Kijana aliyetaka kuoa hakutosheka kuimba usiku chini ya dirisha la binti, ingawa hilo nalo lilikuwepo na lina jina lake, harana. Alitakiwa kwenda nyumbani kwa wazazi na kuwatumikia kwa muda: kuchota maji, kupasua kuni, kubeba mizigo. Huko ndiko baba alikompima. Hebu mfikirie askari wa Hispania akipita mjini mchana na ndoo ya maji kwenda nyumbani kwa kiongozi wa waasi. Wazazi wetu wangesema hakuna mlango wa kupelekea barua ya posa. Penzi la Celso na Feliza lilikatazwa hata kabla baba hajatamka neno, kwa sababu njia halali ya kulitangaza haikuwepo.

Sasa nirudi kwenye habari.

Tarehe 1 Mei 1898 kamanda wa majini Dewey wa Marekani aliziteketeza meli za Hispania katika Ghuba ya Manila. Juni 12 Emilio Aguinaldo, kiongozi wa wapiganaji wa Kifilipino, alitangaza uhuru wa Ufilipino. Agosti 13 Manila ikaangukia mikononi mwa Wamarekani. Desemba 10, kwa mkataba uliotiwa saini Paris, Hispania iliwaachia Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20, na Wafilipino hawakupewa hata kiti mezani. Februari 4, 1899, Wafilipino na Wamarekani wakaanza kupigana wao kwa wao. Dunia ilikuwa imepinduka mara mbili. Ndani ya kanisa la Baler bado ilikuwa Juni 1898.

Waliletewa habari. Barua zilisukumwa mlangoni, magazeti yaliachwa nje, wajumbe walikuja na bendera nyeupe. Watawa wawili wa Kifransisko walitumwa kuwashawishi wajisalimishe, nao wakabaki humohumo hadi mwisho. Kapteni de las Morenas alikufa kwa ugonjwa Novemba 1898, na uongozi ukashikwa na Luteni Saturnino Martín Cerezo, mtoto wa wakulima wa Miajadas, mtu aliyeamini kwamba kila karatasi iliyoletwa ilikuwa mtego. Mwishoni mwa Mei 1899 alikuja ofisa wa Kihispania mwenye cheo kikubwa kuliko chake, Luteni Kanali Cristóbal Aguilar, na amri ya jenerali wake. Cerezo hakumwamini. Aguilar akaacha magazeti. Cerezo akayasoma akitafuta ushahidi wa uongo, na badala yake akakuta tangazo dogo kwamba rafiki yake, Luteni Francisco Díaz Navarro, amehamishiwa Málaga. Uhamisho huo rafiki yake aliwahi kumweleza kwamba angeuomba. Hakuna Mfilipino ambaye angeweza kulibuni jambo hilo. Basi, akajua kwamba yote yalikuwa kweli.

Hebu liweke penzi la Feliza na Celso ndani ya kalenda hiyo. Kuanzia Desemba 1898 vita vilivyowatenganisha havikuwepo tena. Aliye nje anaweza kujua, aliye ndani hajui, na anayejua hawezi kuaminiwa na walio ndani kwa sababu ni adui. Tunazo hadithi nyingi za wapenzi waliotenganishwa na vita. Hawa walitenganishwa na vita vilivyokwisha, kwa nusu mwaka mzima, kwa sababu mtu mmoja mwenye ufunguo wa mlango alikataa kusoma gazeti kwa macho ya kuamini. Kila mara ninapoitazama nashindwa kukaa sawasawa kitini. Nataka kumpigia kelele Cerezo. Na hapohapo namwelewa: ametumwa kulinda bendera, amezungukwa, na kila anayemwambia "imekwisha" ndiye anayefaidika iwapo ataamini.

Humo ndani watu walikuwa wanaisha, na ugonjwa uliua wengi kuliko risasi. Beriberi huanza miguuni: miguu inavimba, inakosa hisia, uvimbe unapanda, mwisho moyo unashindwa. Chanzo chake ni ukosefu wa vitamini B1. Huko Java, Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa ameanza kuuhusisha ugonjwa huo na ulaji wa mchele uliokobolewa sana, lakini daktari wa Baler, Rogelio Vigil de Quiñones, hakuwa na kitabu cha kumwambia hivyo. Alijua tu kwamba wanahitaji majani mabichi. Desemba 14 kundi dogo lilichomoka, likachoma nyumba zilizokuwa karibu na kanisa, likarudi na majani ya maboga na machungwa. Wagonjwa wakaanza kupata nafuu. Baadaye waliwapiga risasi nyati wa wenyeji waliosogea karibu, wakala nyama na kujitengenezea viatu vya ngozi.

Nyumba zilizochomwa zilikuwa za watu. Hapa filamu inafanya jambo ambalo simulizi za Kihispania hazijalifanya vya kutosha. Hispania ilitengeneza filamu yake ya mzingiro huu mwaka 1945, wakati wa dikteta Franco, Los últimos de Filipinas ya Antonio Román. Humo pia kuna penzi: askari aitwaye Juan Chamizo, aliyechezwa na Fernando Rey, na msichana wa kienyeji aitwaye Tala. Tala alichezwa na Mhispania, Nani Fernández. Anaimba wimbo mtamu, Yo te diré, ulioishi kuliko filamu yenyewe. Lakini Tala ni sauti inayopenya dirishani kuwaliwaza mashujaa. Hana baba mwenye hoja, hana jirani aliyechomewa nyumba. Mwaka 2016 Wahispania walirudia kisa hicho, safari hii kwa hasira dhidi ya vita vyenyewe, na bado kamera ilikaa zaidi na walio kanisani.

Meily aliigeuza kamera. Alikuwa amejijengea jina kwa vichekesho vyenye machozi, Crying Ladies ya 2003 ikiwa ya kwanza, na sikio lake kwa mambo ya nyumbani linasikika hapa. Mzingiro una pande mbili, na upande wa nje nao una watu wanaongoja: mama wanaopika, wanaume wanaochoka kulinda mahandaki, binti anayesikia kila mlio wa bunduki na kujiuliza umempata nani. Kwa Feliza hakuna risasi nzuri. Ikitoka ndani huenda imemwangukia baba, na ikitoka nje huenda imempata Celso. Sijui filamu nyingine ya mapenzi iliyomweka mwanamke mahali pagumu kama hapo na isimfanye alaumu upande mmoja ili kupata nafuu.

Ina kasoro, na zingine ni kubwa. Nyuso ni safi mno kwa watu walioshinda na njaa. Muziki unaingia pale ambapo ukimya ungetosha. Na lipo suala la sura. Curtis, ambaye baba yake ni Mwaustralia, amepewa nafasi ya mwenyeji halisi, na Rosales, mwenye sura ya kahawia zaidi, ndiye chotara. Hii ni tabia ya zamani ya sinema ya Kifilipino, kumpenda nyota mwenye damu mchanganyiko na kumvika mavazi ya msichana wa kijijini. Katika filamu nyingine ningepita tu. Katika filamu inayozungumzia damu na mipaka yake, inachanganya. Curtis mwenyewe ni tunda la ndoa ambayo Feliza alinyimwa, na siku nyingine huona hilo linaongeza kitu, siku nyingine huona linapunguza.

Kasoro ya pili ni upole wake kwa Hispania. Sheria ya mwaka 2003, iliyotokana na juhudi za Seneta Edgardo Angara, mzaliwa wa Baler, iliifanya Juni 30 kuwa Siku ya Urafiki wa Ufilipino na Hispania, na filamu ilizaliwa katika hewa hiyo ya kupatana. Karne tatu za kazi za kulazimishwa na kodi zinapita kwa haraka. Ubishi wa baba una mizizi mirefu kuliko tunavyoonyeshwa, na mtazamaji asiyejua historia anaweza kumwona mgumu wa moyo tu. Kwa hiyo nawasihi msome kidogo kabla ya kuitazama. Filamu inakuwa kali zaidi baba anapopewa uzito wake wote.

Kuna jambo moja la historia ambalo halikutungwa na mtu, nalo ningependa kila mtazamaji awe nalo. Askari wawili, Antonio Menache na Vicente González Toca, walifungwa humo kanisani kwa kosa la kupanga kutoroka. Juni 1, 1899, Cerezo aliamuru wapigwe risasi. Siku iliyofuata, Juni 2, alijisalimisha. Ukilijua hilo, kila Celso anapoutazama ule mlango utashika kiti. Mwisho wa filamu sitawasimulia, mkautazame wenyewe, ila msidhani kwamba mwandishi alitia chumvi mahali popote katika hatari inayomzunguka kijana yule. Historia ilikuwa katili zaidi.

Kitagalog kina neno mahal. Humwambia mtu unayempenda, na hulisema pia sokoni bei ya samaki ikikushinda. Mpendwa na ghali, neno moja. Feliza anapolitamka, yaani mahal kita, nakupenda, maana zote mbili zinasikika, kwa sababu tumekwisha kuona bei: ni baba, ni mji uliochomwa, ni haki ya kutembea mbele za watu wa kwao bila kuinamisha kichwa.

Waliotoka hai walikuwa askari 33, pamoja na wale watawa wawili. Wafilipino waliokuwa wamewazingira karibu mwaka mzima hawakuwaua wala kuwatia pingu. Juni 30, 1899, Aguinaldo alitoa amri akiwa Tarlac, akiwa tayari anapambana na Wamarekani: kwa ushujaa wao, watu hao wasihesabiwe kuwa wafungwa, wahesabiwe kuwa marafiki, na wapewe hati za kupita ili warudi kwao. Tazama tarehe. Ni mwaka mmoja kamili tangu siku ile ya shambulio la kwanza. Septemba 1 walishuka Barcelona.

Nimeisoma amri hiyo mara nyingi, na naiheshimu. Sijui majeshi mangapi yangefanya hivyo. Neno rafiki lilipotamkwa hatimaye na mwenye haki ya kulitamka, walitajwa kama askari wa jeshi lao, wakapewa njia ya kwenda baharini. Binti wa Baler aliyekuwa amempenda mmoja wao hamo katika mistari ile. Meily alimwandalia saa mbili za filamu.